Kinywa Nilichompa Neema

Plastiki inapopita kwenye moto hutoa harufu yake ya pekee: tamu kidogo mwanzoni, kisha kali nyuma ya koo, kama mtu ameunguza peremende. Ninyi mnaolingana nami kwa umri mnaijua. Ni harufu ya kadi ya shule, ya cheti cha ubatizo, ya picha ya mtu inayokwenda kutundikwa ukutani. Juzi, pale kituoni ninapofundisha watu wazima kutumia kompyuta, nilikuwa naifunika kwa plastiki kadi ya mama mmoja, mwanafunzi wangu. Harufu ilipopanda nikasimama tu, mashine inalia, kadi imekwisha kutoka upande wa pili.

"Mwalimu, iko nini?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna kitu. Alikuwa na haraka ya kurudi sokoni, na jambo lenyewe halielezeki kwa haraka. Hapa nina nafasi. Nitaeleza polepole.

Neema alikuwa yaya yangu, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa Mama. Baba simkumbuki, alikufa nikiwa bado nanyonya. Mama aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, na ili auze ilimbidi awe ufukweni kabla mitumbwi haijafika, kwa hiyo Neema ndiye aliyenilea. Alinifunga mgongoni akafagia, akachota maji, akaenda kwa jirani kusuka nywele, nami nikiwa pale nyuma kama mzigo usio na neno. Hata nilipokuwa mkubwa wa kutosha kutembea, bado aliniinamia na kusema, "Panda." Nikisema kwamba niliujua mgongo wake kuliko uso wake, msidhani natafuta maneno mazuri. Ndivyo ilivyokuwa.

Msimu mmoja, nikiwa bado mdogo, mvua ilinyesha sana milimani, huko juu Bijombo na Mulenge, na mto ukashuka na mawe na matope ukapita katikati ya mtaa wetu, Uvira. Nyumba yetu ilikwenda ziwani na vilivyokuwamo: vitanda, sufuria, na sanduku la bati ambamo Mama aliweka vitenge vyake vya sikukuu na picha zetu zote. Sisi wenyewe tulitoka wazima. Tulipewa darasa moja la shule tulale na familia nyingine. Lakini ugonjwa wa tumbo uliingia katika lile darasa, na Neema, ambaye hakuweza kukaa akiona mtu anatapika peke yake, ukamkamata na yeye. Haukumpa hata nafasi ya kuaga.

Kwetu kilio hakiishi siku ya kuzika. Muda ukipita watu hurudi kuvunja matanga. Wanakula, wanaimba, wenye msiba wanaacha nguo nyeusi, na mbele ya wote, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, hukaa picha ya aliyekwenda. Watu hupita mmoja mmoja wakaongea nayo. Wanaiambia yale ambayo hawakuwahi kumwambia mwenyewe. Sasa sanduku lilikuwa limekwenda ziwani, na Mama hakuwa na picha hata moja ya mtoto wake.

"Bila picha," alisema, "watu bataaga meza tupu."

Hamjasahau simu za wakati ule. Zilikuwa za kuita na kuitwa. Chache zilikuwa na kamera, na picha zake zilifanana na mtu aliyeonekana kupitia chandarua. Lakini harusi zilipigwa video, na hakukuwa na harusi ya mtaa ambayo Neema hakuitwa kusaidia jikoni. Mama alifikiri hilo, akavaa, akanishika mkono, akasema, "Twende tumutafute Neema."

Hapo ndipo matembezi yetu yalipoanza. Tulikwenda Kavimvira, tulikwenda hadi Kalundu karibu na bandari, nyumba ya huyu leo, ya yule kesho. Tulipofika watu walimpa Mama pole, wakatuketisha, baba wa nyumba akaenda kuwasha grupu, ile jenereta ndogo, na disiki ikaingizwa mashineni. Wenye nyumba walifurahi kuonyesha harusi yao, hata kwa mtu aliyefiwa. Walitaka Mama amtazame bibi harusi. Mama alitazama pembe za picha.

"Ni muzuri sana," alisema kwa adabu. "Sasa mutusaidie, tupeleke mbele kidogo. Pale banapakua chakula. Rudisha. Simamisha pale."

Mimi nilielewa kwa namna yangu. Nilikuwa nimeona jeneza, lakini jeneza lilikuwa limefungwa, na hapa mbele yangu watu walikuwa wakicheza, jasho linawatiririka, watoto wanapita chini ya meza. Harusi hizi, nikajua, zinaendelea mahali fulani. Neema yuko katika mojawapo, anaosha vyombo, na sisi hatujajua ni ipi. Mama mwenyewe si alisema tunamtafuta? Kwa hiyo nilikaza macho kuliko mtu yeyote. Na kweli mgongo wake tuliupata mara nyingi. Niliutambua kabla ya Mama.

"Ule!" nilipiga kelele, nikisimama. "Yaya ni ule!"

Mama aliinama hadi pua yake ikakaribia kioo. Ulikuwa mgongo. Au bega, au mkono umeshika mwiko. Kila kamera ilipogeukia jikoni, Neema aligeukia ukuta.

Mwishowe mama mudogo Esperansi, mdogo wake Mama, aliyeolewa Mutarule kwa wakulima wa bonde la Ruzizi, ndiye aliyetuita. Tulipanda pikipiki, mimi katikati ya dereva na Mama, upepo wa mashamba ya mpunga ukitupiga. Mama mudogo alikuwa na mdomo mwepesi, na msiba haukuwa umeupunguza.

"Dada, miguu ya huyu mutoto imekuwa kama ya mbuzi ya sokoni, juu ya kuzungushwa Uvira yote," alisema tulipofika. "Haukukumbuka kama Neema alikuwa hapa wakati wa harusi ya shemeji yangu? Mukae. Mukule kwanza."

"Tutakula nyuma," Mama alisema.

Disiki ikawekwa. Wanawake walikuwa uani wakimenya ndizi, moshi unapita. Kisha kamera ikazunguka, na huyo hapo Neema, amechuchumaa, anasugua sufuria kubwa kuliko yeye, uso wote mbele yetu. Mtu nyuma ya kamera alimrushia neno la utani ambalo hatukulisikia kwa sababu ya muziki. Neema akacheka. Na kama kawaida yake, mkono wenye povu ukapanda ukafunika kinywa.

"Simamisha!" Mama na mama mudogo walisema pamoja.

Picha ikasimama, mistari inatetemeka juu yake. Macho yalionekana, paji la uso, nywele alizokuwa amezisuka mwenyewe. Chini ya pua ulikuwa mkono. Wakarudisha nyuma, wakapeleka mbele, polepole kadiri mashine ilivyokubali. Kabla ya mkono uso ulikuwa umeinama kwenye sufuria. Baada ya mkono kamera ilikuwa imekwenda kwa ng'ombe wa mahari.

Mama mudogo alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Ni lile jino," alisema. "Alifungua fanta na meno, jino la mbele likavunjika. Minye nilimuambia: Neema, meno siyo ufunguo! Toka siku ile hakucheka tena bila mukono."

Mama alikuwa amegusa kioo cha televisheni kwa vidole viwili, pale kwenye povu.

Tulirudi Uvira na ile disiki imefungwa ndani ya kitenge, tukaenda moja kwa moja kwa Papa Justin. Papa Justin alikuwa na studio barabarani, na ndani yake kulikuwa na pazia lenye picha ya maporomoko ya maji, viti viwili vya plastiki, na kompyuta yake, ordinatere kama tulivyoita sote, iliyovuma kama mbu mkubwa. Ndiye aliyefanya montaji za mji. Aliyetaka kusimama mbele ya ndege, alisimamishwa mbele ya ndege. Mke na mume walioishi mbalimbali waliwekwa bega kwa bega. Alikuwa mtu mpole. Alimtafuta Neema ndani ya disiki bila haraka, akamkata kutoka kwenye moshi na masufuria, akamweka mbele ya rangi ya buluu.

"Na huu mukono?" Mama akauliza. "Unaweza kuutoa?"

"Kuutoa naweza, Mama Neema. Lakini nyuma yake haiko kitu. Nitaweka nini?"

Papa Justin akanitazama, akanigeuza uso kwenye mwanga kwa kidole kimoja chini ya kidevu.

"Huyu na Neema ni ba tumbo moja?"

"Ba tumbo moja."

"Basi tuko na kinywa hapa."

Akanipiga picha. Nikajiona kwenye kioo cha kompyuta, mkubwa kama dirisha, na nilifurahi, maana sikuwahi kujiona hivyo. Kisha mshale mdogo ukazunguka midomo yangu, ukaacha nyuma yake vitone vinavyotembea kama siafu. Kidole cha Papa Justin kikabonyeza kitu. Kinywa changu kikaondoka.

Niwaeleze kilichotokea, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Kwenye kompyuta kuna kunakili na kuna kukata. Ukinakili, kitu hubaki kilipokuwa, na mfano wake huenda unapotaka. Ukikata, kitu huhama, na kilipokuwa hubaki pengo. Papa Justin alikata. Kwake haikuwa na maana, hakuihitaji tena ile picha yangu. Lakini mimi nilikuwa nimesimama ubavuni pake, na nilichokiona ni uso wangu wenye macho mawili, pua, na chini ya pua shimo jeupe. Kisha nikakiona kinywa changu kinavutwa hadi kwa Neema, kinapunguzwa, kinainamishwa kidogo, kinatiwa kivuli. Povu na vidole havikuwapo tena. Neema alikuwa akitutazama akiwa na kinywa changu.

"Inafanana?" Papa Justin akauliza.

Mama alifunga macho, akayafungua, akasema, "Inafanana."

Picha ikatoka kwenye karatasi, ikafunikwa plastiki yenye ile harufu tamu na kali, ikamwachia Mama joto mikononi. Barabarani aliniuliza kama nina njaa. Sikumjibu.

Nilikuwa nimeelewa vizuri sana, hilo ndilo lililonipata. Neema alikuwa ng'ambo ile ya harusi zisizoisha, hana kinywa, ana mkono tu. Sasa amepata. Watu watakuja kuvunja matanga na kuongea naye, naye atahitaji kuwajibu. Mtu hawezi kutumia kinywa ambacho mwingine anakitumia. Nikikaa kimya, Neema ataongea. Nikiongea, shimo litarudi kwake. Kula nilikula, maana njaa haina heshima, lakini hata kutafuna nilitafuna taratibu.

Siku ya matanga picha ilisimama mezani. Watu walipita. "Kumbe alikuwa muzuri hivi!" walisema, na wengine waliokuwa hawamjui kabisa walilia. Wanakwaya waliimba, na ule wimbo niliujua tangu mgongoni kwa Neema, lakini nilibana midomo hadi ikauma, nikamwangalia yeye kama anaimba.

"Huyu mutoto alimeza ulimi wake?" mama mudogo akasema, akinivuta sikio kwa mapenzi. Nilitabasamu kwa macho.

Matanga yakaisha, watu wakarudi makwao, sisi tukahamia chumba kimoja cha kupanga, picha ikapanda ukutani. Mimi bado sikusema neno. Mwanzoni Mama alidhani ni huzuni. Kisha akanipa maji ya moto na asali. Kisha wamama wa maombi wakaja wakaniwekea mikono kichwani, na mmoja wao akanong'ona kwamba marehemu amemkamata mdogo wake. Nilimsikia Mama akiwajibu kwa ukali nisioujua, halafu usiku uleule nikahisi mkono wake kifuani pangu, anapima kama napumua.

Mwishowe aliniketisha mlangoni, mchana, ndagala zake zimeanikwa mbele yetu. Hakunibembeleza.

"Nionyeshe," alisema. "Kama hauwezi kusema, nionyeshe palipo na maumivu."

Nikamshika mkono nikampeleka ndani. Nikaelekeza kidole kwenye picha, kwenye kinywa. Kisha kwenye changu. Kisha nikafungua viganja vyote viwili, vitupu.

Ilimchukua muda. Niliona uso wake unabadilika kama mtu anayesoma barua ndefu.

"Weye unafikiri Papa Justin alichukua chako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na unanyamaza juu Neema akitumie?"

Nikaitikia. Mama akaketi palepale sakafuni, kitenge kikamfunguka hakukifunga. Alijaribu kunieleza. Alinigusa midomo, akasema kiko hapa, ni hiki, hakikuenda popote. Lakini mimi nilikuwa nimeliona shimo kwa macho yangu, na mtoto aliyeona hashindwi kwa kuambiwa. Basi akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akaitoa picha ukutani.

Papa Justin alikuwa na wateja. Mama hakungoja.

"Papa Justin, rudisha kinywa cha mutoto."

Wale wateja walicheka. Papa Justin naye alianza kucheka, kisha akaangalia uso wa Mama, kisha wangu, akawaomba wale watu watoke kidogo.

"Mama Neema, tukikitoa, mukono unarudi. Nilichunga picha zote humu ndani ya ordinatere, naweza. Lakini hii ilipendeza. Mutaa muzima banaisifu."

"Banaisifu juu habakumujua," Mama alisema. "Neema wangu alikuwa na jino lililovunjika. Hii ina meno yote. Kila asubuhi naiangalia, na kila asubuhi ile yake ya kweli inaanza kunipotea. Nikifunga macho naona hii." Akaniweka mbele yake, mikono mabegani pangu. "Na huyu naye ananipotea. Urudi, ule mukono."

Mpaka leo sijaona mtu anayetumia kompyuta kwa heshima kama Papa Justin siku ile. Alizifungua picha zote mbili pamoja, akaisogeza meza ili nione, akawa ananieleza kila anachofanya. Kinywa kikatoka kwa Neema. Kikapita katikati ya kioo, kikafika kwangu, kikakaa kwenye shimo lake, na shimo likafungika. Niligusa midomo. Ilikuwa ya joto.

Kwa Neema palibaki peupe kwa kitambo. Kisha mkono ukarudi, vidole na povu. Nyuma yangu Mama alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyebebeshwa ndoo kabla hajajiandaa. Alikuwa amemzika mara moja, na sasa alikuwa amesimama akimwangalia mtoto wake akifunikwa tena.

"Mama," nikasema, "niko na kiu."

Alianguka magoti akanikumbatia, akinitingisha, akilia kwenye nywele zangu, na Papa Justin akatoka mbio kutafuta maji ingawa kopo lilikuwa limejaa mezani.

Picha yenye mkono ndiyo iliyokaa ukutani kwetu miaka yote. Wageni waliishangaa. "Mulikosa ingine?" waliuliza. "Huyu anaziba kinywa juu ya nini?" Mama hakuwahi kuwasimulia habari ya sanduku, wala ya jino. "Anacheka," aliwajibu, akaendelea kumimina chai.

Mimi nilikua, nikajifunza zile mashine, nikaelewa tofauti ya kunakili na kukata, nikacheka peke yangu darasani siku nilipoielewa, halafu nikatoka nje. Mama alifariki kiangazi kilichopita. Katika kupanga vitu vyake nilitambua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: alikuwa mtu wa mwisho aliyejua Neema alivyocheka. Mama mudogo alimtangulia. Mimi nina mgongo. Nikijitahidi napata joto lake, harufu ya sabuni, mtikisiko wa hatua zake tukipanda kutoka ziwani. Nikijaribu kumgeuza anitazame, hageuki.

Binti yangu hana subira na picha za zamani. Simu yake inazipaka rangi, inafuta madoa, inaondoa watu wasiotakiwa. Jumapili moja aliishusha picha ya Neema, akaipiga picha kwa simu, akaja nayo kwangu uani.

"Mama, huu mukono ninaweza kuuondoa. Ni kugusa tu."

"Utaweka kinywa cha nani?"

"Siyo cha muntu. Simu inatengeneza yenyewe. Inaangalia macho, inajua kinywa kilikuwa ginsi gani."

Kidole chake kilikuwa kimekwisha kugusa. Duara dogo likaanza kuzunguka juu ya uso wa Neema, na moyo wangu ukazunguka nalo, sitawaficha. Nilitamani lisimame upesi, nilitamani lisisimame kabisa. Kisha nikanyoosha mkono nikaichukua simu, nikaifunga.

"Juu ya nini?" binti yangu akauliza. Hakukasirika, alitaka tu kujua. "Hautaki kumuona?"

"Nataka," nikamwambia. "Nataka kumuona yeye."